Isipokuwa kwa dharura

Bibi aliniita pembeni kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipokwisha, wakati watunza funguo wanafunga sanduku la pesa. Kufuli tatu, watu watatu, kila mmoja anageuza ufunguo wake huku wenzake wameangalia pembeni, kama watu waliokuta mtu anaoga. Alikuwa ameshika kitabu chake cha hisa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hebu nisomee pale pa mkopo."

Nikafungua katiba ya kikundi, ukurasa wa tatu, nikamsomea: mwanachama hataruhusiwa kukopa zaidi ya mara tatu ya hisa zake, isipokuwa kwa dharura.

Alinyamaza kidogo. Akarudia chinichini: "Isipokuwa kwa dharura." Halafu akatabasamu, lile tabasamu la kuomba radhi ambalo wazee huwa nalo wakichanganya majina ya wajukuu.

"Aa. Basi ni mimi niliyesahau."

Hakusahau.

Maneno yale matatu niliyachapa mimi, siku tisa kabla, saa nne usiku, sebuleni kwangu Kihonda, Morogoro, watoto wamelala.

Kitabu kisicho na jalada

Nilirudi nyumbani na ile sentensi yake, na kila nilipojaribu kuiweka chini ilinifuata. Si kwa sababu ilinichoma tu. Nilikuwa na uhakika nimewahi kuisikia mahali.

Ilinichukua siku tatu kukumbuka. Nilikuwa jikoni nachambua mchele.

Baba alikuwa na nakala ya *Shamba la Wanyama*, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Nakala yetu haikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zililiwa na mchwa, kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua kwamba aliyekitunga ni Mwingereza, George Orwell. Nilidhani ni mtu wa huku. Nguruwe wale walizungumza Kiswahili cha mikutano bila taabu yoyote, sasa ningeshuku nini?

Kitabu kile kilipotea tulipohama. Nilichosoma safari hii ni cha Kiingereza, nimeazima kwa mwenzangu anayefundisha sekondari, ndiyo maana majina nayaandika kama yalivyo mle. Hadithi sitaisimulia yote: wanyama wanamfukuza Jones mwenye shamba, wanaandika amri zao ukutani, halafu nguruwe, Napoleon akiwa mkubwa wao, wanajitwalia madaraka. Nataka tukae kwenye ukurasa mmoja tu, sura ya sita.

Nguruwe wamehamia nyumbani kwa Jones na inasemekana wanalala vitandani. Clover, yule farasi jike mwenye moyo mzuri, anahisi kulikuwa na amri iliyokataza vitanda. Anakwenda ukutani. Hajui kusoma zaidi ya herufi mojamoja, kwa hiyo anamwita mbuzi, Muriel, amsomee. Muriel anasoma kwa kuungaunga: mnyama asilale kwenye kitanda chenye shuka.

Clover hakumbuki habari ya shuka. Lakini kwa kuwa imeandikwa ukutani, anawaza, lazima ilikuwapo tangu mwanzo.

Nikakiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Kila mtu ni Boxer

Kaa na walimu watano mwisho wa mwezi mkitaja kitabu hiki, utasikia kila mmoja akijiita Boxer. Sisi ndio farasi. Sisi ndio tunaobeba mawe, tunaosema tutaongeza bidii, tutakaopakiwa kwenye gari la mchinjaji siku mapafu yakigoma. Nami nimejiita hivyo miaka yote, tena kwa fahari fulani, maana Boxer hana kosa. Akionewa, ameonewa tu.

Sijawahi kusikia mtu akisema, mimi ni Squealer, yule nguruwe msemaji wa Napoleon.

Nilipoisoma tena sura ya sita nilijipa kwanza nafasi ya Muriel. Ilinifaa. Mbuzi msomi, mpole, anayeitwa akasoma kilichoandikwa na kukisema kama kilivyo. Si ndivyo nilivyomfanyia Bibi? Sikuongeza wala sikupunguza. Nilisoma herufi kwa herufi.

Faraja ile haikudumu. Muriel alisoma ukuta alioukuta umeandikwa, wala hakuwahi kushika brashi. Mwenye brashi yuko sura ya nane: usiku wa mbalamwezi, kama saa sita, kishindo kinasikika, wanyama wanatoka mbio na kumkuta Squealer amelala chini kando ya ngazi iliyovunjika vipande viwili. Pembeni yake kuna taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililomwagika. Hakuna anayeelewa, isipokuwa punda mzee Benjamin, naye anatikisa kichwa na kukaa kimya.

Nilipokuwa mdogo tulicheka sana hapo. Nguruwe kuanguka kwenye ngazi!

Mimi sikuanguka. Kompyuta haina ngazi.

Ndizi

Ilivyokuwa ni hivi. Mwenyekiti alikuja kwangu jioni na chane ya ndizi mbivu. Shikamoo, marahaba, habari za shule, watoto hawajambo. Akaketi. Akasema kuna kitu kidogo kwenye katiba hakijakaa sawa, na kwa kuwa mimi ndiye katibu na ndiye mwenye kompyuta, nikiweke vizuri.

"Si tulikubaliana, mwalimu wangu? Siku ile ya mvua kubwa. Tulisema mwenye dharura asibanwe."

Ningependa kuwaambia kwamba ni mtu mbaya. Ingeniandikia makala hii kwa wepesi. Lakini mama yangu alipofariki ni yeye aliyesimama na kikundi kuanzia usiku wa kwanza, akapika, akaosha masufuria mpaka viganja vikachubuka, na mfuko wa jamii ulipokuwa mdogo akaongeza kwa pesa yake bila kutangaza. Hana mbwa tisa kama Napoleon. Ana goti linalouma na mtoto chuoni.

Hisa zake zilikuwa shilingi 400,000. Kwa katiba yetu mwisho wake ulikuwa 1,200,000. Alikuwa amekwisha kuchukua 1,800,000, kwa ajili ya ada, wiki mbili kabla ya kuniletea ndizi.

Hili la tarehe ndilo nililichelewa kuliona, na ni Orwell aliyenionyesha. Rudini mkaangalie: katika shamba lile hakuna amri iliyobadilishwa ili kuruhusu jambo linalokuja. Nguruwe wanalala kwanza, shuka inaandikwa baadaye. Damu inamwagika kwanza uani, halafu Clover akitaka asomewe amri ya kuua anakuta mwisho wake pana maneno "bila sababu". Wanakunywa wiski, ndipo "kupita kiasi" inajiongeza kwenye amri ya pombe. Maneno huja nyuma ya tendo kama mtu anayefagia nyayo.

Sikuuliza tarehe ya mkopo. Daftari la mikopo lilikuwa kwenye sanduku, na ufunguo mmoja wa sanduku uko kwa mwenyekiti. Lakini pia sikuuliza.

Siku ile ya mvua

Je, tulikubaliana?

Nakumbuka mvua. Nakumbuka tulihama chini ya mwembe tukajibana barazani, bati linapiga kelele, watu wanasemezana wawili wawili. Inawezekana kabisa mtu alisema mwenye dharura asibanwe. Inawezekana hata nilitikisa kichwa. Nilipitia muhtasari wa siku ile, mwandiko wangu mwenyewe, na hamna kitu: hisa, marejesho, faini tatu za kuchelewa, dua ya kufunga.

Basi nikaanza kuushuku mwandiko wangu. Labda kalamu haikufuata maneno yote. Labda nilikuwa nahesabu faini.

Squealer ana mbinu moja ambayo huirudia, na nilipokuwa mtoto sikuiona kabisa. Wanyama wakisema wanakumbuka azimio fulani, hawapigii kelele. Anawauliza kwa upole: ndugu, mna hakika hamkuliota? Kuna maandishi yoyote? Na kwa kuwa hakuna maandishi, wanakubali kwamba wamekosea.

Kwangu ilikuwa kinyume. Maandishi yalikuwapo, na bado nilikubali kwamba yamekosea.

Nilibadilisha ukurasa wa tatu peke yake. Wa kwanza na wa pili niliuacha. Wa nne pia niliuacha, ule wa mwisho, wenye tarehe ya kupitishwa na majina thelathini na sahihi zake. Wanaojua kuandika walitia sahihi. Bibi alitia dole gumba. Wino wa zambarau, duara limepinda kidogo upande wa kushoto kwa sababu mkono ulitetemeka, nami ndiye nilimshikia ile pedi ya wino.

Kwa hiyo dole lake limethibitisha maneno ambayo hakuwahi kuyasikia.

Soda

Orwell alipoulizwa kuhusu kitabu hiki na mwandishi wa Marekani, Dwight Macdonald, alimjibu mwishoni mwa 1946 kwamba mahali hadithi inapogeuka ni pale nguruwe wanapojiwekea maziwa na matufaha. Hakutaja mbwa, wala kufukuzwa kwa Snowball, nguruwe aliyeshindana na Napoleon. Aliyataja maziwa.

Ndoo tano, siku ya kwanza kabisa ya uhuru. Wanyama wanauliza yatafanywa nini. Napoleon anasema msijali maziwa, tuwahi mavuno. Jioni wanarudi, maziwa hayapo.

Na matufaha yalipofuata, nguruwe wote walikubaliana, hata Snowball. Watu husahau hapo. Tunampenda Snowball kwa sababu alifukuzwa.

Nikajiuliza maziwa yangu yalikuwa yapi, na jibu lilikuja haraka mno. Kamati yetu, watu watano, hubaki baada ya kikao kuhesabu. Mwaka wa kwanza, siku moja ya joto kali, mtu alisema tutoe soda kwenye pesa ya faini, maana tunabaki na jua hili kwa ajili ya wote. Ilikuwa kweli. Soda tano za baridi. Wiki iliyofuata hakuna aliyesema kitu, zililetwa tu. Ulikuwa mwaka wa nne na sikuwa nimewahi kuziandika popote.

Squealer anasema hivyohivyo: hatuyapendi matufaha, tunayala kwa ajili yenu, kazi ya akili inayadai.

Mimi soda naipenda.

Yaliyo na tarehe

Mtu akiandika kuhusu kitabu hiki Tanzania hutegemewa aende moja kwa moja kwenye Azimio. Kuna sababu. Tafsiri ya Kawegere ilitoka mwaka uleule TANU ilipotangaza Azimio la Arusha, 1967, na masharti ya uongozi yaliyomo yanasomeka kama amri za ukutani: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na masharti hayo yakalegezwa. Makala za kulinganisha mambo hayo na shamba la Jones ni nyingi, nyingine nzuri.

Nilianza kuiandika ya kwangu. Niliiacha katikati, kwa sababu niligundua inanipa raha. Ilikuwa inanihamisha kutoka sebuleni kwangu. Na tena, upende usipende kilichoamuliwa Zanzibar, kile kikao kina jina na kina tarehe. Mtu anaweza kukinyooshea kidole. Nilichofanya mimi hakina tarehe. Kimevaa tarehe ya wengine.

"Isipokuwa" ya Orwell

Kuna jambo moja lililonisumbua kwa namna nyingine. Orwell naye aliongeza neno.

Alimaliza kuandika mapema 1944, na wachapishaji kadhaa wa London wakamkatalia, mmoja wao T. S. Eliot mshairi, maana Napoleon amechorwa kwa sura ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Sovieti, na wakati ule Stalin alikuwa mshirika wa Uingereza vitani. Kitabu kilitoka Agosti 1945. Miezi michache kabla, mwezi Machi, akiwa Paris kama mwandishi wa habari, alimwandikia mchapishaji wake akiomba sentensi moja ibadilishwe. Ni pale kinu cha upepo kinapolipuliwa. Alikuwa ameandika kwamba wanyama wote, Napoleon akiwamo, walijitupa chini kifudifudi. Akataka isomeke: wanyama wote, isipokuwa Napoleon.

Sababu yake? Haki. Wajerumani walipokaribia, Stalin alibaki Moscow, hakukimbia. Orwell hakumpenda Stalin hata chembe; alipigana Hispania akiwa ndani ya kundi ambalo watu wa Stalin waliliwinda, akanusurika. Na bado hakutaka kumsingizia nguruwe wake woga ambao mwenye sura ile hakuuonyesha.

Neno lilelile. Isipokuwa.

Nimekaa nalo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Nilitaka kuona tofauti iko kwenye nini, kwa sababu kama kosa langu ni kuongeza maneno, basi naye aliongeza. La kwake lilimpunguzia yeye utamu wa kumdhihaki adui, nalo lilimwendea mchapishaji likiwa na sababu yake wazi. La kwangu lilimpunguzia mwenyekiti deni la maelezo, na mimi likanipunguzia usumbufu wa kumwambia mtu aliyeosha masufuria kwenye msiba wa mama yangu kwamba, hapana.

Kitabu chenyewe hakikupona. Orwell alifariki Januari 1950, na filamu ya katuni ya 1954, ambayo pesa zake zilitoka kwa siri CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilibadilisha mwisho. Katika filamu wanyama wanaivamia nyumba na kumwangusha Napoleon. Wako nje dirishani kwenye kitabu, hawajui nguruwe ni yupi na mtu ni yupi, basi. Mtu aliona hiyo haitoshi, akapanda ngazi.

Benjamin

Punda anajua kusoma sawa na nguruwe yeyote. Hasomi. Anasema hajaona cha maana cha kusoma. Clover anapomwomba amsomee amri ya kuua, anakataa kujiingiza kwenye mambo hayo. Siku moja tu anapaza sauti, siku Boxer anapopakiwa, kwa sababu ubavuni mwa gari pameandikwa mchinjaji wa farasi na mchemshaji wa gundi. Wanyama wengine walikuwa wanamwambia kwaheri.

Kwenye kikundi chetu tuko saba tunaosoma bila kusitasita. Baada ya ukurasa mpya kuingia sandukuni, wawili kati yao waliishika katiba ile mikononi. Mmoja alisoma, akaniangalia, akairudisha. Alikuwa na mkopo wake mwenyewe unaosubiri kupitishwa. Simlaumu, namtaja kwa sababu macho yake nayajua. Ni yangu ya siku nyingine.

Kikao cha Jumamosi

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti, na ndizi sikubeba. Nilimwambia nitausoma ukurasa wa zamani mbele ya watu, halafu mpya, na nitasema nani aliuchapa. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alikaa akisugua goti. "Ungeniambia usiku ule ule, mwalimu," alisema. Hakusema "mwalimu wangu", na tangu siku hiyo hajasema tena.

Alikuwa sahihi, na hilo liliuma.

Kikao kilikuwa kirefu. Wapo waliopiga kelele, na mmoja alitaka katibu avuliwe ukatibu palepale; kura zilinibakiza kwa tofauti ndogo isiyopendeza. Mwenyekiti alieleza mkopo wake na kukubali ratiba ya kurejesha ile 600,000 iliyozidi. Halafu likatokea jambo ambalo sikuliandaa: walipoulizwa kama wanayataka yale maneno, wengi waliyataka. Walibishana dharura ni nini. Msiba, wakasema. Kulazwa. Ada ikapigwa, ikarudi, ikapigwa tena. Mwishowe maneno matatu yakawa mistari minne, yenye tarehe ya siku ile, na watu thelathini wakapanga foleni upya kwenye pedi ya wino. Soda nazo zimeandikwa, shilingi kwa shilingi, na wiki hii hakuna aliyezileta.

Bibi alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Nilimwonyesha mahali pa kuweka dole. Hakuweka.

"Nisomee kwanza," alisema.

Nikafungua ukurasa wa tatu. Akautazama, akatikisa kichwa, akaugeuza mwenyewe kwa kidole mpaka ukurasa wa kwanza, kwenye jina la kikundi. Watu walikuwa wanaondoka, mama mmoja anaita bodaboda, jua linazama. Akavuta kigoda, akakaa, akakiweka kitabu chake cha hisa mapajani.

"Anzia hapa. Na usiruke."